Kutoka Windows 10 ya biti 32 kwenda Windows 11: nitajuaje mapema ni programu zipi zitakataa?

Karani_wa_Stoo

Ndugu zangu, salamu. Ninasimamia kompyuta tatu katika ofisi ndogo ambayo kumbukumbu zake zote za bidhaa, yaani zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki, zimo ndani ya programu moja ya zamani ambayo aliyeiandika hapatikani tena. Kompyuta kuu, ambayo ndiyo yenye programu hiyo, inatumia Windows 10 ya biti 32. Nyingine mbili zina Windows 10 ya biti 64 na hutumika kwa barua, majedwali ya hesabu na kusoma ripoti zinazotoka katika ile ya kwanza. Kwa kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, tumeamua kuhamia Windows 11: zile mbili zitapandishwa zikiwa na programu na faili zake, na ile kuu itapumzishwa na nafasi yake kuchukuliwa na mashine mpya.

Programu ya stoo ndiyo inayoninyima usingizi. Haifunguki bila kifunguo cha leseni kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Ripoti zake za mwisho wa mwezi hutolewa na programu ndogo ya pembeni ambayo sura yake tu inaonyesha umri wake. CD ya kusakinishia ninayo, lakini nilipoijaribu kwenye mojawapo ya zile kompyuta za biti 64, kisakinishi kilikataa hata kuanza, kikatoa ujumbe kwamba faili hiyo haiendani na toleo la Windows ninalotumia. Hilo lilinishangaza, kwa sababu kompyuta zote tatu zina Windows 10.

Ninachoomba kujua ni kama ipo njia ya kukagua programu, draiva (yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuendesha vifaa) na vifaa vyenyewe kabla ya kuhama, badala ya kuhama kwanza na kugundua kilichovunjika siku ya kufunga hesabu.

---

Fundi_wa_Tabaka

Ndugu Karani, kisakinishi hicho kimekwisha kukupa nusu ya jibu. Mpaka unaotakiwa kuuogopa hauko kati ya Windows 10 na Windows 11, bali kati ya biti 32 na biti 64, yaani ukubwa wa vipande vya data ambavyo prosesa na mfumo hushughulikia kwa mara moja. Windows 11 haikutolewa kabisa katika toleo la biti 32, kwa hiyo kompyuta yako kuu itaruka mipaka miwili kwa mara moja, na ule wa biti ndio wenye miba.

Windows ya biti 64 huendesha programu za biti 32 bila shida kwa kutumia tabaka liitwalo WOW64, na programu yenyewe kwa kawaida haijui kwamba imewekwa juu ya tabaka hilo. Za biti 16 haiziendeshi. Sababu ni ya ndani ya prosesa: inapofanya kazi katika hali ya biti 64, ile hali ya zamani iliyokuwa ikitumika kuigiza mashine ya DOS haipatikani, na Microsoft haikuweka NTVDM, yaani sehemu ya mfumo iliyokuwa ikibeba programu za DOS na za Windows 3.1, katika matoleo yake ya biti 64. Ndiyo maana CD ileile inakubaliwa na Windows 10 moja na kukataliwa na nyingine.

Usikate tamaa kwa sababu ya kisakinishi. Zipo programu nyingi za miaka ya 1990 ambazo zenyewe ni za biti 32 lakini zilifungashwa ndani ya kisakinishi cha biti 16, na jambo hilo lilifanywa kwa makusudi, ili mtu mwenye Windows 3.1 akiingiza diski apate walau ujumbe wa kueleweka badala ya ukimya. Windows ya biti 64 huvitambua baadhi ya visakinishi hivyo, hasa vya matoleo fulani ya zamani ya InstallShield (chombo cha kutengenezea visakinishi), na kuweka mbadala wa biti 32 mahali pake kimyakimya. Chako inaelekea hakimo katika orodha hiyo.

Kujua programu iko upande gani ni kazi ya dakika moja, wala haihitaji kupakua chochote. Nakili faili ya programu yenye mkia wa exe, uiweke pembeni, kisha ufungue ile nakala kwa Notepad. Utaona fujo ya alama, lakini herufi mbili za mwanzo zitakuwa MZ, ambazo ni herufi za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft aliyehusika na muundo huo wa faili. Shuka mistari michache. Ukikuta PE, kisha nafasi mbili tupu, kisha herufi L, hiyo ni ya biti 32. Ukikuta PE ikifuatiwa na herufi d ndogo na alama ya msalaba, hiyo ni ya biti 64. Ukikuta NE badala ya PE, hiyo ni ya Windows ya biti 16, na hakuna kitufe chochote ndani ya Windows 11 kitakachoifufua. Usiokote PE ya kwanza utakayoiona katikati ya maneno mengine. Inayotakiwa iko karibu na mwanzo wa faili. Programu zilizoandikwa kwa .NET, jukwaa la programu la Microsoft, zinaweza kuonyesha L na bado zikaendeshwa kama za biti 64, lakini hizo haziwezi kukuletea balaa la biti 16. Funga Notepad bila kuhifadhi.

Fanya hivyo kwa kila faili ya exe iliyomo ndani ya folda ya programu, si ile moja tu yenye ikoni kwenye skrini, kwa maana programu za zamani zilikuwa na desturi ya kuitana zenyewe kwa zenyewe. Ushahidi wa pili utaupata kwenye kompyuta kuu: fungua Task Manager, kisha toa ripoti ya mwezi. Ikiwa ntvdm.exe inatokea katika orodha mara tu ile programu ndogo inapofunguka, basi umekwisha kumjua mgonjwa wako.

Sasa nije kwenye kifunguo cha leseni, ambacho ndicho kinachonitia hofu kuliko yote. Programu ya biti 32 hubebwa na WOW64, lakini draiva haibebwi na mtu. Draiva huishi ndani ya kiini cha mfumo (kernel), na kiini cha biti 64 hakikubali draiva ya biti 32 hata kwa dawa. Lazima ipatikane draiva ya biti 64 ya kifunguo hicho, tena iliyotiwa sahihi ya kidijitali. Tangu Windows 10 toleo la 1607, draiva mpya za kiini zinatakiwa kupitia kwa Microsoft na kutiwa sahihi huko, na Windows 11 ikisakinishwa upya kwenye mashine inayofaa huwasha yenyewe ulinzi wa uadilifu wa kumbukumbu ya ndani ya kompyuta (Memory integrity), ambao unaweza kukataa draiva za zamani hata kama ni za biti 64 na zina sahihi. Utakutana na watu watakaokushauri uuzime ulinzi huo. Mimi sishauri hivyo kwa mashine yenye kumbukumbu zote za ofisi.

Kifunguo kikiwa kimechomekwa, fungua Device Manager kwenye kompyuta kuu, tafuta jina lake, na katika maelezo yake usome namba ya utambulisho wa kifaa, ile yenye VID (namba ya mtengenezaji) na PID (namba ya kifaa). Kwa namba hiyo utamjua mtengenezaji wa kifunguo, ambaye mara nyingi si yule aliyeandika programu ya stoo. Mwandishi wa programu anaweza kuwa ametoweka huku mtengenezaji wa kifunguo akiwa bado anatoa draiva mpya.

---

Namba_ya_Toleo

Ninakubaliana na yote aliyoyasema Fundi, ila ningependa kuongeza jambo kuhusu ile hali ya utangamano, kwa sababu kila mtu huikimbilia na ni wachache wanaojua inafanya nini.

Unapobofya faili ya programu kwa kitufe cha kulia, ukafungua sifa zake na kwenda kwenye kichupo cha Compatibility, ukachagua kwa mfano Windows XP, mfumo haugeuki kuwa Windows XP. Kinachofanyika ni kwamba baadhi ya majibu ambayo programu hupewa na mfumo hubadilishwa njiani, na jibu linalobadilishwa zaidi ni lile la namba ya toleo. XP ndani kwa ndani ilikuwa 5.1. Vista ikawa 6.0. Waandishi wengi waliandika sharti kwamba namba kubwa iwe 5 au zaidi na namba ndogo iwe 1 au zaidi, kwa hiyo Vista, yenye sifuri upande wa kulia, ikahesabiwa kuwa imepitwa na XP, na programu zisizo na kasoro zikakataa kufunguka juu ya mfumo uliokuwa na kila zilichokihitaji. Windows 7 ikapewa namba 6.1, na hili lilifanywa kwa kujali hasa programu za namna hiyo. Hata leo Windows 11 hujitambulisha kwa namba 10.0, na tofauti yake na Windows 10 huonekana katika namba ya ujenzi (build) tu, ambayo kwa Windows 11 huanzia 22000.

Kwa hiyo hali ya utangamano huponya programu iliyokataa kwa sababu ya kiburi. Iliyokataa kwa sababu ya kukosa kiungo, kama vile draiva au msimbo wa biti 16, haiponywi kwa njia hiyo.

Jambo jingine la kukagua ni .NET Framework 3.5, ambayo ndiyo inayobeba pia programu zilizoandikwa kwa toleo la 2.0 na 3.0. Kwenye Windows 10 na 11 ipo kama kipengele cha hiari ambacho hakijawashwa, na programu inayoihitaji inaweza kuonekana imekufa kumbe inasubiri kipengele hicho kiwashwe.

---

Karani_wa_Stoo

Nawashukuru wote wawili. Nimekagua kwa Notepad. Programu kuu ya stoo ina PE na L, kwa hiyo ni ya biti 32. Kisakinishi kina NE. Ile programu ndogo ya ripoti nayo ina NE, na ntvdm.exe hutokea kila ninapoifungua, kama alivyobashiri Fundi. Kuhusu kifunguo, namba ya VID imenifikisha kwa mtengenezaji, na katika tovuti yake ipo draiva ya biti 64 ambayo maelezo yake yanaitaja Windows 11.

Kwa kuwa kisakinishi hakifanyi kazi, nilinakili folda nzima ya programu kutoka C:\Program Files ya kompyuta kuu na kuipeleka kwenye mojawapo ya kompyuta za biti 64, nikaweka draiva ya kifunguo, na programu ikafunguka. Lakini bidhaa zilizoonekana ni chache mno, na ingizo la mwisho ni la miaka mingi iliyopita. Kwenye kompyuta kuu kila kitu kipo na kiko sawa. Nimelinganisha tarehe za faili za kanzidata ndani ya folda hiyo kwenye kompyuta kuu yenyewe, na hata huko zinaonyesha tarehe ya zamani, ingawa jana tu tumeingiza bidhaa. Hapo nimeshindwa kuelewa.

---

Bi_Jedwali

Kaka Karani, data yako haijapotea, na tafadhali usiguse wala kufuta chochote kwenye kompyuta kuu kabla ya kusoma maelezo haya hadi mwisho.

Kabla ya Vista, programu nyingi ziliandika data zake ndani ya Program Files, yaani palepale zilipowekwa, kwa sababu karibu kila mtu alitumia kompyuta akiwa na mamlaka ya msimamizi. Vista ilipoleta udhibiti wa akaunti, programu inayoendeshwa na mtumiaji wa kawaida ikanyimwa ruhusa ya kuandika humo. Kama katazo lingebaki hivyo tu, maelfu ya programu zingekufa siku hiyohiyo, kwa hiyo Microsoft iliweka njia ya mchepuko: programu ya biti 32 ambayo haikuandikwa kwa kuujua udhibiti huo ikijaribu kuandika ndani ya Program Files, mfumo huelekeza maandishi yake kwenye folda iliyofichwa ya mtumiaji husika, na programu inapokwenda kusoma huonyeshwa kwanza nakala ya huko. Programu inaamini kabisa kwamba imeandika ndani ya Program Files. Wewe ukifungua folda hiyo kwa Explorer unaona faili halisi iliyobaki kama ilivyokuwa siku mchepuko ulipoanza, na ndiyo sababu ya ile tarehe ya zamani.

Nenda kwenye kompyuta kuu, ingia kwa akaunti ileile inayotumika kila siku kuingiza bidhaa, kisha katika upau wa anwani wa Explorer uandike %LOCALAPPDATA%\VirtualStore. Ndani yake utakuta folda ya Program Files, na ndani ya hiyo folda yenye jina la programu yako. Kanzidata iliyo hai ndiyo hiyo.

Lipo jambo moja hapa ambalo huwaponza hata mafundi wazoefu. VirtualStore ni ya kila mtumiaji peke yake. Ikiwa kwenye kompyuta hiyo kuna akaunti mbili za Windows, na wafanyakazi wawili wameingiza bidhaa kila mmoja kwa akaunti yake, basi mna kanzidata mbili tofauti na huenda hakuna aliyewahi kutambua, ila kila mara kulikuwa na ubishi wa hesabu kutokulingana. Kagua akaunti zote. Kibaya zaidi, mtu akiiwekea programu alama ya kuendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, mchepuko huzimika, programu hufungua faili halisi ya ndani ya Program Files, na mbele ya macho ya watu stoo hurudi nyuma miaka kadhaa. Watu hulia kwamba data imefutwa, mwingine anarudisha chelezo juu yake, na hapo ndipo hasara ya kweli inapoanza.

Kwenye Windows 11 usiirudishe programu ndani ya Program Files, ambayo kwa programu za biti 32 huitwa Program Files (x86), na jina hilo peke yake linatosha kuvuruga programu yenye njia ya folda iliyoandikwa ndani kwa kudumu. Iweke katika folda ya kawaida iliyo nje ya hapo, kwa mfano C:\Stoo, uwape watumiaji ruhusa ya kuandika humo, kisha uweke kanzidata uliyoitoa kwenye VirtualStore. Mchepuko hautafanya kazi hapo, watumiaji wote wataona faili moja, na chelezo utaichukua mahali panapojulikana.

Na kama programu hiyo inaifikia kanzidata yake kwa ODBC, yaani njia ya kawaida ya kuunganisha programu na kanzidata, angalia pia mpangilio wa vyanzo vya data. Windows ya biti 64 ina visimamizi viwili vya ODBC, na faili zote mbili zinaitwa odbcad32.exe: ile iliyo ndani ya System32 ni ya biti 64, na ile iliyo ndani ya SysWOW64 ni ya biti 32. Majina yamepinduka, najua, na hakuna atakayeyarekebisha. Chanzo cha programu yako kinatakiwa kiundwe kwa ile ya SysWOW64, vinginevyo programu itasema haikioni hata kama wewe unakiona.

---

Sanduku_ndani_ya_Sanduku

Mnamshughulisha ndugu yetu kwa ukarabati ambao sehemu yake kubwa ingeweza kuepukwa. Programu ya ripoti ni ya biti 16, hilo limethibitika, na kwa hiyo haitakwenda Windows 11 kwa namna yoyote. Basi kwa nini aihamishe programu ya stoo kwa vipande? Aunde mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, ndani ya kompyuta mpya, aweke humo Windows 10 ya biti 32 kama ilivyo leo, na kila kitu kiendelee kama zamani.

Sysinternals, kitengo cha zana cha Microsoft, wanatoa chombo kiitwacho Disk2vhd ambacho huigeuza diski ya kompyuta inayofanya kazi kuwa faili moja inayoweza kufunguliwa na mashine pepe. Hata hivyo kuna uamuzi wa kufanya kuhusu programu ya kuendesha mashine pepe: Hyper-V au VirtualBox. Hyper-V imo ndani ya Windows 11 Pro, wala haimo katika Home, na mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) wa biti 32 lazima awekwe katika mashine ya kizazi cha kwanza. Lakini Hyper-V haimpi mgeni kifaa cha USB moja kwa moja, na hapo kifunguo cha leseni kitakwama. VirtualBox inakipitisha kifaa cha USB kwa mgeni, kwa hiyo kwa hali hii mimi ningechagua VirtualBox bila kusita. Ukate mtandao wa mashine hiyo pepe, kwa kuwa ndani yake kuna mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama, na ubadilishane faili na mwenyeji, yaani kompyuta halisi, kwa folda ya pamoja.

Angalia pia leseni: Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani kwa kawaida imefungwa kwa kompyuta hiyo, na kuihamishia ndani ya mashine pepe kunaweza kuhitaji leseni nyingine.

---

Fundi_wa_Tabaka

Mashine pepe ni njia halali, lakini sikubaliani na kuitumia kwa kila kitu. Programu kuu imekwisha kufunguka kwenye mfumo wa biti 64, draiva ya kifunguo imepatikana, na data imejulikana ilipo. Kuifungia ndani ya mfumo uliokwisha muda wake, wakati inaweza kuishi katika mfumo unaopata marekebisho, ni kuahirisha deni. Ningeweka ndani ya mashine pepe ile programu ya ripoti peke yake, ikisoma nakala ya kanzidata, si kanzidata hai. Na ikiwa ripoti yenyewe ni jumla na orodha tu, ingefaa iandikwe upya katika jedwali la hesabu na suala la biti 16 life hapo.

---

Mwenye_Mac

Samahani kwa kuingilia kati. Nina kompyuta ya Mac ya Intel yenye macOS Mojave, na baadhi ya programu zangu hunipa onyo kila mara kwamba hazijarekebishwa kwa ajili ya matoleo yajayo. Je, maelezo haya ya biti 32 yananihusu?

---

Namba_ya_Toleo

Yanakuhusu, tena kwa ukali zaidi. Toleo lililofuata Mojave, yaani Catalina la Oktoba 2019, liliondoa kabisa uwezo wa kuendesha programu za biti 32, na hakuna tabaka mfano wa WOW64 lililoachwa. Apple ina desturi ya kutoa daraja kwa muda na kisha kulivunja: Rosetta ya kwanza ililetwa mwaka 2006 kwa ajili ya programu za PowerPC, chipu za Mac za zamani, ikaondolewa katika toleo la Lion mwaka 2011. Rosetta 2 ya mwaka 2020 hubeba programu za Intel za biti 64 kwenye chipu za Apple, wala si za biti 32, na Apple imekwisha kutangaza kwamba nayo itapunguzwa baada ya macOS 27.

Bofya menyu ya Apple, ufungue taarifa za mfumo, kisha uende kwenye sehemu ya programu za zamani, ambako Mojave huorodhesha zile za biti 32 moja baada ya nyingine. Zisizo na toleo jipya utaamua kuzipa mbadala au kuziachia Mac hiyohiyo bila kuipandisha.

---

Karani_wa_Stoo

Bi Jedwali, umeniokoa. Kanzidata hai ilikuwa VirtualStore, na naam, zilikuwapo mbili, za akaunti mbili. Sasa tunajua kwa nini hesabu za vifungashio hazikuwa zikilingana. Tumeanza kuziunganisha kwa mkono tukitumia vitabu vya kupokelea mizigo, kazi ambayo itachukua muda, na programu imehamia C:\Stoo kwenye mashine ya majaribio ambako wafanyakazi wote wawili wanaona bidhaa zilezile. Ripoti nitazihamishia kwenye jedwali la hesabu kama alivyoshauri Fundi, na mashine pepe nitaiweka kwa ajili ya kusoma ripoti za miaka iliyopita tu.

Limebaki swali moja kuhusu zile kompyuta mbili za biti 64. Hizo zinapandishwa papo hapo bila kusakinisha upya. Je, kuna namna ya kuifanya Windows yenyewe itamke mapema kama kuna kizuizi, na tukiona baadaye jambo limeharibika, tuna muda gani wa kurudi?

---

Fundi_wa_Tabaka

Kwa swali la kwanza, pakua faili ya ISO ya Windows 11 (nakala ya diski ya kusakinishia), uifungue kama diski, kisha kwa dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi uende kwenye diski hiyo na kuandika:

setup.exe /Auto Upgrade /Quiet /EULA Accept /Compat ScanOnly

Kisakinishi kitakagua bila kupandisha chochote, na hutaona dirisha lolote likifunguka, kwa hiyo usidhani kimeshindwa. Jibu lake huja kama namba ya kutokea (exit code), ambayo kisakinishi huiacha kinapomaliza: 0xC1900210 maana yake hakuna kizuizi kilichoonekana, 0xC1900208 maana yake ipo programu au draiva isiyopatana, na 0xC1900200 maana yake kompyuta yenyewe haitimizi masharti ya Windows 11, kama vile TPM 2.0 (chipu ya usalama) au prosesa iliyomo katika orodha inayokubaliwa. Uzito wa jibu la kwanza usiukuze kupita kiasi. Kisakinishi hutambua vizuizi ambavyo Microsoft imekwisha kuvijua na kuviorodhesha, na programu iliyoandikwa na mtu mmoja kwa ajili ya ofisi chache haimo katika orodha ya mtu yeyote. Kwa programu za namna hiyo hakuna mbadala wa kuifungua, kuingiza kumbukumbu moja, kuchapisha ukurasa mmoja na kuifunga, ukiwa kwenye mashine ya majaribio.

Kwa swali la pili, muda wa kawaida ni siku 10. Katika kipindi hicho mfumo wa zamani huwa umehifadhiwa ndani ya folda iitwayo Windows.old, na ukurasa wa urejeshaji katika mipangilio huwa na kitufe cha kurudi nyuma. Siku 10 hazifiki mwisho wa mwezi, na kwenu ripoti hutoka mwisho wa mwezi, kwa hiyo mara tu baada ya kupandisha, kabla muda haujaisha, andika amri hii kwa mamlaka ya msimamizi:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Siku 60 ndicho kiwango cha juu. Ukiandika amri hiyo baada ya siku 10 kupita haisaidii, kwa kuwa folda itakuwa imekwisha kufutwa. Vivyo hivyo, mtu akiendesha usafishaji wa diski na kuweka alama kwenye usakinishaji wa zamani wa Windows, njia ya kurudi inafungwa siku hiyohiyo. Folda hiyo hula nafasi kubwa ya diski, kwa hiyo waambie wenzako wasiiguse hata wakiona onyo la nafasi. Na mkilazimika kurudi nyuma, nakilini kwanza nje ya kompyuta kila kitu kilichoingizwa tangu siku ya kupandisha, kwa sababu programu na draiva zilizowekwa baada ya siku hiyo huondolewa.